Duka Kiganjani: "Wanauliza bei, kisha kimya"

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanaouza kwa simu, kuanzia Kilwa hadi Newala. Tumechagua nne.

Nauza korosho za kukaanga hapa Masasi. Kila asubuhi naweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp na watu zaidi ya mia wanaiona. Kumi hivi wanauliza "bei gani?" Nikiwajibu, kimya. Nakosea wapi?
*Mbanguaji, Masasi*

Ndugu mbanguaji, tumezitazama picha tatu ulizoambatanisha. Zote zina mfuko wa korosho mezani, maua ya plastiki pembeni, na maneno "Mzigo mpya umeingia, karibuni wateja." Hakuna bei, hakuna uzito, na haijulikani kama ni nzima au vipande. Mteja anauliza, wewe uko jikoni na chungu cha moto. Unamjibu baada ya saa tatu, naye hamu imeshamtoka.

Wengi huficha bei wakiogopa washindani. Mshindani wako ana namba yako na bei yako aliijua tangu juzi. Anayefichwa hapo ni mteja peke yake. Andika hivi, kwa bei zako:

"Korosho nzima, za kukaanga na chumvi kidogo. Gramu 250 Sh 7,000. Nusu kilo Sh 13,500. Zimekaangwa jana jioni. Masasi mjini naleta mwenyewe. Mtwara, Lindi na Dar natuma kwa basi, nauli ya mzigo juu ya mnunuzi."

Kuhusu daraja: kiwandani utasikia W240 au W320. Herufi W ni korosho nyeupe nzima, na namba inaonyesha takriban punje zinazoingia kwenye ratili moja, yaani gramu 454. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, punje ni kubwa. Anayenunua kwa jumla mwandikie hivyo hivyo, ataelewa. Mama wa nyumbani mwandikie "nzima, kubwa" au "nzima, za kati", na picha ya kila aina kivyake. Ukipiga picha ya nzima ukamfungia zilizochanganyika na vipande, hatagomba. Atanyamaza, na hutamwona tena.

Picha yenyewe ipige asubuhi kivulini, karibu na dirisha au barazani, sahani ikiwa nyeupe. Jua la saa sita huzifanya korosho zionekane zimeungua. Picha moja iwe na mizani inayosoma uzito. Hiyo inauza kuliko maua.

Kisha hamia WhatsApp Business, ni bure. Ndani yake kuna majibu ya haraka: unaandika jibu mara moja, unalipatia jina fupi kama "bei", na siku nyingine ukiandika mkwaju na jina hilo (/bei) maelezo yote yanatokea. Yanakaa hadi 50, ingawa matano yanakutosha: bei, usafirishaji, malipo, mahali ulipo, oda ya jumla. Kuna pia salamu inayojituma yenyewe kwa anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa kimya siku 14. Usiipoteze kwa "Karibu, tutakujibu hivi punde." Weka bei humo.

Na ukishataja bei usiishie hapo. Malizia kwa swali jepesi la kujibu: "Nikufungie robo au nusu? Utachukua mjini au nitume kwa basi?" Mtu aliyepewa "13,500" tupu hana cha kujibu zaidi ya "sawa".

Jambo moja la jikoni, kwa kuwa umetaja wateja wa Dar wanaosema "zimelegea". Hilo si la mtandao. Korosho zikifungwa zingali na joto, mvuke unabaki ndani ya mfuko na punje zinaunyonya. Zitandaze zipoe kabisa, tumia mfuko mzito usiopitisha hewa, ufunge kwa mashine ya joto. Ukishakabidhi mzigo, piga picha risiti ya basi na umtumie mteja palepale kabla hajaanza kuuliza.

Nauza samaki, pweza na ngisi Lindi mjini. Nina namba 180 kwenye orodha ya matangazo ya WhatsApp, lakini wanaojibu ni walewale thelathini. Wengine wanaapa hawajawahi kuona ujumbe wangu.
*Mama Samaki, Lindi*

Wanasema kweli, Mama. Ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kuwa na namba yake hakusaidii. Hakikisha mwenyewe: shikilia ujumbe uliotuma, fungua taarifa zake, utaona majina ya waliofikiwa na ya waliosoma. Wasiomo hata baada ya siku kadhaa, huenda hawajakuhifadhi.

Dawa ni kuwaomba wakati wako nawe. Mteja anapolipa, mwambie: "Nihifadhi kwa jina la Mama Samaki, pweza akitoka nikwambie." Atoe simu pale pale; akisema "baadaye" imekwisha. Waliobaki waandikie mmoja mmoja, kumi kwa siku. Ukimwaga ujumbe ule ule kwa mia moja kwa mkupuo, wachache wakikuripoti, namba inaweza kufungiwa. Orodha moja inachukua watu 256, hivyo bado una nafasi.

Hata hivyo usiwaweke wote kapu moja. Mwenye mgahawa anataka kilo kumi za ngisi na anapanga mapema. Wa nyumbani anataka changu wawili wa mchana. Tengeneza orodha mbili. Tuma mashua zikishaingia na umeshapima ulichonacho: "Pweza kilo 14, changu kilo 9, bei ya leo hii hapa." Vikiisha, rudi uandike "Pweza wamekwisha." Anayekuja kwa bodaboda kutoka Mitwero akakuta meza tupu hakusamehi upesi.

Siku bahari imechafuka, sema hivyo. Usiposti picha ya juzi. Wenyeji wa pwani wanalijua jicho la samaki aliyelala, hata kwenye picha.

Mteja kanitukana kwenye komenti za Facebook, eti mwizi, kwa sababu gauni lilichelewa siku nne. Nifute?
*Fundi cherehani, Newala*

Usifute, labda kama ni tusi la nguoni. Waliokwisha kuliona watajua umefuta, na yeye atarudi na picha ya skrini.

Jibu mara moja tu hadharani, mistari miwili, bila "lakini": "Dada, gauni lako limechelewa siku nne, kosa ni langu. Nimekuandikia inboksi tulimalize." Huko ndani mpe siku na saa, au umrudishie sehemu ya pesa. Likiisha, rudi chini ya komenti ile ile: "Gauni limechukuliwa leo." Usimwombe afute. Akitaka atafuta.

Ila tatizo lako, kwa barua yako mwenyewe, lilianza mapema zaidi. Ulipokea oda 22 za wiki moja msimu wa pesa za korosho, na cherehani ni moja. Hesabu unazoweza kumaliza kwa siku, toa siku moja ya umeme kukatika, kisha posti: "Nafasi za wiki hii zimejaa, napokea za kuanzia Jumatatu." Tangazo la kujaa halifukuzi mtu, wengi watawahi ya wiki inayofuata. Chukua malipo ya awali, na tarehe iandike kwenye gumzo, isiwe ya mdomo.

Umeuliza pia kuhusu kuposti wateja wakiwa wamevaa kazi yako. Omba ruhusa kwanza, kwa maandishi, hata "ndiyo" ya WhatsApp. Picha ya mtu ni taarifa yake binafsi, na sheria ya kuzilinda ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Akikataa, mpige picha mgongoni au tundika nguo ukutani.

Mtu kaagiza viungo mtandaoni, kanitumia ujumbe wa malipo, nikatoa mzigo. Pesa haikuingia.
*Duka la viungo, Mikindani*

Ujumbe ule aliuandika yeye. Usitoe mzigo kwa kusoma ujumbe, wala kwa picha ya skrini. Fungua menyu ya huduma yako ya pesa uangalie salio, kila mara, hata foleni ikiwa ndefu. Kama unatumia Lipa Namba, salio lake huangaliwa kwenye menyu yake, si kwenye pesa zako za kawaida.

Akija mwingine na "nimekosea kutuma, nirudishie", usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, muamala urudishwe na wao. Na tarakimu sita za kuthibitisha WhatsApp yako, zinazoingia kwa SMS, hazitajwi kwa yeyote, hata akijiita mteja wa zamani. Ukizitaja, kesho ataandika yeye kwa wateja wako kwa jina la duka lako. Washa leo uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio, uweke PIN ya tarakimu sita.

Namba ya huyo aliyekutapeli usiifute. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040, kisha fuata maelekezo.