Jibu: Watoto wanne, Toto Afya au CHF? (Tanga)

Dada, umeuliza bima ipi ya afya ni nafuu kwa watoto wanne na kipato cha genge: Toto Afya au CHF (Mfuko wa Afya ya Jamii). Piga hesabu: Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya), ilijulikana kwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, kwa hiyo wanne ilikuwa 201,600. CHF iliyoboreshwa ilianza 2018 kwa 30,000 kaya nzima ya watu 6, nyie wazazi mkiwemo. Ulizia kiwango cha sasa kabla ya kulipa, maana sheria ya bima kwa wote ya 2023 inabadilisha mambo.

Wengi hukwama kwenye rufaa. Kadi ya CHF huanzia zahanati au kituo cha afya. Ukimpeleka mtoto mwenye kikohozi moja kwa moja Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, bila karatasi ya rufaa, utalipa mfukoni. Dharura ni habari nyingine. NHIF inakupa na hospitali binafsi zenye mkataba nayo.

Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane herufi kwa herufi na la kwenye fomu. “Mwanahamisi” huku na “Mwanaamisi” kule, dirishani watakurudisha. Lipa kwa kontroo namba tu, yaani namba rasmi ya malipo ya serikali. Anayetaka keshi mkononi, mwache. Wa chini ya miaka 5 kisera hutibiwa bure vituo vya serikali, ila dawa zikiisha utaelekezwa duka la nje.