Jozi moja ya skii, watu watatu, kauli tatu

Mwezi wa Aprili maduka mengi ya skii, zile mbao za kutelezea thelujini, huku Colorado, Marekani, huuza kwa bei ya chini zile jozi ambazo wateja wamekuwa wakizijaribia msimu mzima. Hapo ndipo niliponunua skii zangu za mlima mzima, yaani zile zinazoundwa ili mtu awe na jozi moja tu ya kumpitisha kwenye theluji ngumu ya asubuhi, theluji ya unga, vichuguu (matuta ya theluji) na njia za katikati ya miti. Karibu na mkia zimeandikwa 129-92-113, na pembeni 172. Namba tatu za kwanza ni upana kwa milimita: puani, kiunoni pale buti linapokaa, na mkiani. Hiyo 172 ni urefu kwa sentimita. Nilizichukua kwa sababu watu wawili ninaowaamini walikuwa wamezisifu sana.

Januari nilizitoa kwa mara ya kwanza, kwenye kituo cha skii cha Loveland, pale mlangoni mwa handaki la Eisenhower kwenye barabara ya I-70. Hata sehemu ya chini kabisa ya mlima ule iko juu ya mita 3,200. Usiku upepo ulikuwa umefagia theluji yote laini, ikabaki ngozi ngumu inayong'aa. Kona ya kwanza tu, skii ya mguu wa chini ilikwangua badala ya kuuma, mguu ukaniponyoka, nikashuka kwa nyonga hadi mteremko ulipolegea. Kona ya pili vilevile. Nimekulia Njombe, Juni tukienda shule tunakanyaga sakitu, kwa hiyo baridi si mgeni kwangu. Lakini hofu ya kukosa mahali pa kushika nilikuwa siijui. Kufika saa nne nilikuwa nimeshaamua kuziuza.

Jamaa yangu wa Bukavu akaziomba ajaribu. Vifungio vya skii za majaribio, vile vinavyoshika buti, vinasogea kwenye reli, kwa hiyo kubadilisha urefu wa buti ni kazi ya dakika mbili. Yeye ana kilo 95 na misuli ya mpira wa miguu. Alirudi akisema skii ni laini mno, akiongeza mwendo pua zinapigapiga kama mbawa. Jumamosi iliyofuata akazichukua dada mmoja wa Nakuru, kilo 57, aliyeanza kuteleza msimu mmoja kabla yangu. Huyo alisema ni ngumu kama ubao, hazikubali kupinda, na kwenye vichuguu zilimchosha mapaja kabla ya saa sita. Mimi nasema hazishiki, huyu anasema laini, yule anasema ngumu. Na ni jozi moja.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kauli ya mtu kuhusu skii ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mtu mwenyewe: kilo zake, buti zake, theluji aliyoikuta siku hiyo, na hali ya makali yake. Siku hizi mtu akiniambia skii fulani ni nzuri au mbaya, namuuliza hayo manne kwanza.

Nianze na makali, kwa kuwa ndiyo yaliyoniangusha. Nilizipeleka karakana ya skii, na fundi wa pale hakuuliza chochote. Aliilaza skii mezani, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa chuma, kwa kukata, si kwa kufuata urefu. Akaniambia nifanye hivyo. Makali mazima hukwangua ukucha na kuacha unga mweupe. Wangu uliteleza kana kwamba naupitisha kwenye mdomo wa kikombe. Kisha akaupaka ukingo wino mweusi wa kalamu nene na kusukuma tupa mara moja. Pale wino ulipobaki ndipo tupa haikugusa, na ulibaki karibu urefu wote. Msimu mzima wa kukodishwa, mawe ya Novemba, na hakuna aliyezinoa kabla hazijawekwa bei. Alisaga upande wa chini, akapanga ukingo nyuzi 1 chini na nyuzi 2 pembeni, akapaka nta. Sikufika dola 80. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye mteremko uleule, theluji ngumu ileile, na kona ya kwanza ilikaa. Nilisikia sauti tofauti kabisa: badala ya kukwaruza, mlio mwembamba kama wa kisu kinachokata kabeji mbichi. Nikasimama pembeni ya njia kuvuta pumzi, kwa furaha.

Kwa hiyo ukinunua skii zilizotumika, weka fedha ya fundi ndani ya bei tangu mwanzo, na uzipeleke kabla ya kuzikanyaga. Hata mpya ni vizuri zipitiwe. Ukizitumia kila wikendi, zinoe upya mara chache ndani ya msimu, na kila jioni zifute maji kwa kitambaa kabla hazijalala ndani ya gari, maana kutu huanza usiku mmoja.

Halafu buti. Naamini kabisa kwamba mwenye fedha ya kitu kimoja tu anunue buti, skii akodi. Misimu miwili nilivaa buti za kukodi zilizonizidi, kwa kuwa dukani zilinipa raha. Raha ya dukani ni mtego. Kipimo ni hiki: toa soksi ya ndani ya buti, ingiza mguu kwenye ganda tupu, sogeza vidole mbele mpaka viguse, kisha pima nafasi nyuma ya kisigino. Sentimita moja na nusu hadi mbili inatosha. Mimi nilipitisha vidole vinne. Kisigino kikielea, goti linalala lakini skii haijui, amri inaishia ndani ya buti. Nilipopata buti za saizi yangu ya kweli, skii zangu zikawa nyepesi kugeuza bila mtu kuzigusa.

Sasa upana wa kiuno, jambo linalozungumzwa kuliko yote. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria na kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018, alishindana katika slalomu kubwa, mbio za kupinda kati ya nguzo ambazo kanuni zake zinataka kiuno cha skii kisizidi milimita 65. Mbio hizo zinakimbiwa kwenye theluji iliyogandishwa karibu kuwa barafu, na skii nyembamba inapindukia ukingo wake upesi. Ukiwa na kiuno cha milimita 105, ukingo uko mbali na katikati ya mguu, na nguvu ya kuulaza inatoka kwenye kifundo na goti. Kwenye theluji ya unga mambo yanageuka: upana ndio unaokuelesha. Colorado iko mbali na bahari na theluji yake ni kavu, nyepesi, kwa hiyo kila mtu hapa anaota akiwa ndani ya unga hadi magotini. Ukweli wa wanaofanya kazi wiki nzima na kupanda mlimani Jumamosi ni kwamba siku nyingi unakuta theluji iliyosawazishwa na mashine, ngumu asubuhi, na vichuguu mchana. Kwa siku hizo kati ya 85 na 95 panatosha. Jozi pana kodi siku unga ukianguka.

Uzito ndio ulioamua kwa wenzangu. Jamaa wa Bukavu alihitaji skii yenye karatasi mbili za chuma chembamba ndani ya mbao, na urefu unaomkaribia utosi. Sasa anateleza kwa mwendo ambao mimi siwezi kuufuata, na pua zimetulia. Dada wa Nakuru alipata ya sentimita 158, mbao tupu bila karatasi ya chuma, kiuno 88. Siku hiyohiyo aliteremka vichuguu vya njia nzima bila kusimama, na akafika chini analia kwa furaha.

Kuna jambo moja ambalo bado linanishtua. Siku dada wa Nakuru alipoziazima skii zangu, tulisogeza kifungio kikalingana na buti lake, tukaona tumemaliza. Hatukugusa namba ya kuachia buti, ile ya kwenye kifungio inayoamua buti litoke kwa nguvu kiasi gani mtu akianguka. Namba ile hupangwa kwa uzito, urefu, umri, urefu wa soli na uwezo wa mtu, na ilikuwa imepangwa kwa kilo zangu 74. Angeanguka vibaya, skii ingeng'ang'ania mguuni na goti lake ndilo lingelipa. Tafadhali, usiazime wala kuazimisha skii bila fundi kuziweka upya kwa mwili wa anayezivaa, hata kwa mteremko mmoja.

Kama bado hujaamua, maduka mengi yanakuruhusu kujaribu jozi mbili tatu kwa siku, na mengine hupunguza ada hiyo kwenye bei ukinunua. Chagua njia moja unayoijua vizuri, zipitishe zote hapo asubuhi theluji ikiwa ngumu, na tena baada ya saa nane ikiwa imevurugika na mapaja yamechoka. Kabla ya kila jozi, pitisha ukucha.