Cheza kwanza, nyongeza baadaye

Dada, umeuliza kama ununue ramani na nyongeza za kulipia za Foundry VTT, programu ya kuchezea michezo ya mezani kwenye kompyuta, ili ucheze mchezo wa kuigiza hadithi wa Dungeons & Dragons na wanao wa miaka 8 na 11. Kwa sasa usinunue. Leseni ya Foundry hulipiwa mara moja tu, na anayeihitaji ni wewe msimulizi. Watoto wanaingia kwa kivinjari bila kulipa chochote. Kanuni za msingi nazo ni za bure: SRD 5.1, yaani hati yenye kanuni hizo, iliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons mwaka 2023.

Wanangu hawakumbuki hata ramani moja niliyonunua. Wanamkumbuka zimwi mwenye mafua niliyemwigiza kwa sauti ya puani, na hadi leo humtaja wakati wa kula. Waache wako wachore pango lao kwenye karatasi, ulipige picha, uliweke liwe ramani. Utaona watakavyolipigania!

Mkishacheza mara nne tano utajua ni kazi gani inakuchosha. Hapo nunua nyongeza ya kazi hiyo. Ila kabla ya kulipa, hakikisha inakubaliana na toleo la Foundry ulilo nalo.