Kama kadi haina stika ya chupa wala namba ya toleo, hesabu mbwa huyo hajachanjwa

Mkuu, usitume hiyo hela. Kama umeshatuma nusu, mpigie muuzaji sasa hivi, mwambie asimpakie mtoto wa mbwa kwenye basi mpaka mmalizane kuhusu kadi. Umeandika kwamba umepata dume la German Shepherd la wiki 6 kwa laki nne, muuzaji umemkuta kwenye kundi la WhatsApp, na "kamaliza chanjo zote". Baada ya hapo ukaendelea na maswali yako: banda liwe kubwa kiasi gani, ale nini, atakaaje na paka uliyenaye, aitwe nani. Hapo kwenye chanjo ulipopita mbio ndipo mimi nilipozikia mbwa wawili.

Mtoto wa wiki 6 hajamaliza chanjo. Hawezi kumaliza. Ya kwanza hupigwa akiwa na wiki 6 hadi 8, kisha inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Inarudiwa kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake huweza kuizuia chanjo isishike, na huwezi kumtazama mtoto usoni ukajua kinga ya mama imeisha lini. Ya kichaa cha mbwa ndiyo kwanza huanza akiwa na miezi 3. Sasa huyo anayekwambia wiki 6 na zote tayari, ama hajui anachouza, ama anajua vizuri sana.

Muuzaji wangu alijua. Ilikuwa 2019, nakaa Kihonda, Morogoro. Wezi walikuwa wamepita na mota ya maji, mke wangu akasema tutafute mbwa wa maana. Nikaonyeshwa picha ya kitoto cheusi na kahawia, masikio bado yamelala. Muuzaji alimsifia kama mshenga anayemnadi binti: baba yake kashinda hiki, mama yake katoka kule. Hata mchumba hatupeleki mahari kwa picha ya simu, lakini mimi nilituma laki tatu na nusu siku hiyo hiyo, na siku ya tatu nikaenda kumpokea stendi ya mabasi ya Msamvu ndani ya boksi la mafuta ya kula lililotobolewa matundu.

Na kadi ilikuja. Hapa nisikilize vizuri, maana wengi hudhani tatizo ni kukosa kadi. Mimi kadi nilipewa: ya njano, ina mhuri wa duara, tarehe mbili za chanjo na saini. Nikaiweka kwenye droo nikiwa na amani kabisa.

Binti yangu alikuwa na miaka 7. Akamwita Chapati kwa sababu ya madoa ya kahawia. Siku nne za kwanza walikuwa wanalala pamoja kwenye mkeka wa barazani, mtoto anamng'atang'ata vidole kama vitoto vyote vya mbwa, binti anacheka. Siku ya tano Chapati hakugusa chakula. Akajikunja pembeni ya ndoo. Jioni akaanza kutapika povu jeupe, usiku likawa la njano, na alfajiri nikakuta anahara damu. Harufu yake, aliyewahi kuisikia haisahau.

Nikakimbilia duka la dawa za mifugo. Mwenye duka hakumwona mbwa, hakuuliza umri, hakuuliza chanjo. Alisema minyoo. Akaniuzia dawa ya minyoo na unga wa vitamini, akanishauri nimkorogee yai bichi kwenye maziwa. Mtoto ambaye hata maji yalikuwa hayakai tumboni! Nikafuata maelekezo siku mbili nzima. Siku mbili hizo ndizo zinazoniuma mpaka leo kuliko pesa yoyote, kwa sababu ile ilikuwa parvo, ugonjwa wa kirusi wa mbwa, na parvo ndiyo ilivyo: inashambulia utando wa utumbo na kuangusha chembe nyeupe za damu, mbwa anaishiwa maji haraka, na dawa za kawaida hazikiui kirusi chenyewe. Kinachookoa ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, na antibayotiki za kuzuia bakteria wanaopenya kwenye utumbo ulioharibika. Wanaowahiwa wengi hupona. Wasiotibiwa wengi hufa.

Daktari wa mifugo nilimpata siku ya tatu ya ugonjwa. Akamwekea dripu pale pale, kisha akaomba kadi. Nikamletea kwa kujiamini. Akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza swali moja: "Stika iko wapi?"

Sikumwelewa. Akafungua boksi lake la barafu akanionyesha kichupa cha chanjo. Kina lebo inayobanduka, yenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Daktari akishachanja anaibandua, anaibandika kwenye kadi, anaandika tarehe na kusaini juu yake. Chupa za kichaa cha mbwa nyingine huchanja mbwa wengi, kwa hiyo lebo haitoshi kwa kila mmoja, lakini namba ya toleo lazima iandikwe. Kadi yangu haikuwa na lebo wala namba. Tarehe zote mbili, ambazo ziliachana wiki tatu, ziliandikwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, kama mtu aliyezijaza kwa mkupuo akisubiri chai. Mhuri nao haukuwa na jina la daktari.

Chapati alikufa usiku ule.

Nikadhani yameishia hapo. Daktari akauliza kama binti yangu aliwahi kung'atwa. Binti akanyoosha kidole, kuna mkwaruzo mdogo wa jino. Sikuwa nimeuosha. Kwa kawaida mbwa aliyeng'ata huangaliwa siku 10, akiwa mzima mnapumua. Huyu alikuwa maiti, chanjo yake ya uongo, mama yake hatumjui, alikotoka hatukujui. Hospitali wakasema hawawezi kubahatisha, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mtoto wa miaka 7 akaanza sindano za siku tofauti tofauti kwa sababu mtu fulani aliona uvivu kununua chanjo na akaona wepesi kununua mhuri. Kila safari ya hospitali alikuwa ananiuliza kama Chapati ndiye aliyekosea. (Ukikwaruzwa au kung'atwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili wala mafuta ya taa.)

Nilimpigia muuzaji. Akanijibu, "Mzee, mbwa ni mbwa, hata watu wanakufa." Kisha akanizuia kwenye simu. Nimewahi kukopwa na nimewahi kudhulumiwa kiwanja, ila neno lile bado sijamsamehe.

Na kosa langu kubwa zaidi lilikuwa bado mbele. Yule yule mwenye duka akanipa ushauri mwingine: osha banda kwa sabuni ya unga, lianike juani siku tatu, leta mwingine mtoto asahau. Wiki tatu baadaye nikaleta mwingine. Huyu nilimtoa kwa mtu ninayemfahamu, mzima wa afya, ameshapigwa chanjo yake ya kwanza ya kweli, stika ipo. Nikamweka kwenye banda lile lile. Binti alikataa kumpa jina mpaka amalize mwezi. Hakumaliza. Chanjo moja ilikuwa haijamjengea kinga, na mimi nilimlaza juu ya ugonjwa kwa mikono yangu.

Sabuni ya kawaida haikiui kirusi cha parvo. Kinakaa kwenye udongo miezi mingi, kinaweza kupita mwaka, hasa penye kivuli na unyevu. Kinaingia kwa soli ya kiatu, kwa bakuli, kwa tairi la baiskeli. Kwenye sakafu ya saruji unaondoa kwanza uchafu wote kwa sabuni na maji, kisha unapaka jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo 30, unaiacha ikae imelowa dakika 10 ndipo unasuuza. Udongo wa uani hauoshwi kwa jiki ukatakata. Boksi, mkeka na matambara unachoma. Mimi nilikaa miezi 14 bila mbwa, na aliyefuata aliingia getini akiwa na miezi 5, chanjo zote za utotoni zimekamilika. Ni jike la kienyeji kutoka kwa jirani, bure, na wezi wa Kihonda wanamfahamu.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya senti moja, muuzaji akutumie picha ya kadi, pande zote, uione stika na uisome. Muulize jina la daktari aliyechanja na namba yake, umpigie wewe mwenyewe. Daktari wa kweli amesajiliwa na Baraza la Veterinari na haoni haya kuulizwa. Muulize chanjo ilihifadhiwa wapi: inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na iliyozunguka na bodaboda mfukoni kwenye jua la saa nane huenda imeshakuwa maji tu. Wiki 6 pia ni mapema kumtoa kwa mama. Mwambie akae naye mpaka 8. Mbwa akifika kwako, asiguse barabara wala asinusane na mbwa wa mtaani mpaka wiki mbili baada ya sindano ya mwisho. Mwaka ukiisha, anarudia.

Paka wako hujasema kama amechanjwa. Parvo ya mbwa ya siku hizi inaweza kumwambukiza paka, na paka wana kirusi chao, ndugu yake huyo huyo, kinachoua vitoto vya paka kwa namna ile ile. Mpeleke wiki hii, kabla mbwa hajaja, apate ya kwake ya paka na ya kichaa cha mbwa, maana paka naye hukipata na hukieneza. Na akiumwa usimpe paracetamol, hata kipande, inamuua.

Banda lisivuje na lisielekee jua la mchana, mengine wataalamu wa mabanda humu watakupimia.

Mwandikie muuzaji leo, neno moja tu: stika. Akianza kukwambia daktari kasafiri, au kadi iko kwa mke wake, funga mazungumzo. Akikutumia picha, iweke hapa kwenye uzi, nitaingia saa mbili usiku nikitoka kazini niisome namba kwa namba.