Mwaka 2000 tuliouwaza

Mwanangu,

Mimi mzima, hofu kwako uliye mbali. (Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua, nivumilie.)

Juzi uliniuliza: "Mama, haya maisha ya sasa ndiyo mliyokuwa mkiyawaza utotoni?" Nikacheka, na salio likakata kabla sijakujibu.

Magari yanayopaa hatukuyawaza. Mwaka 1979 nilikuwa darasa la sita kijijini kwetu Kilosa, na kesho tuliyoahidiwa ilikuwa na tarehe kabisa. Tangu 1971 serikali ilikuwa imepanga kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji apate maji safi umbali usiozidi mita 400. Halafu ikaja afya kwa wote ifikapo mwaka 2000. Tukapiga hesabu ubaoni: mwaka huo nitakuwa na miaka 34. Basi nikajiona mama mzima, nyumba ya bati, bomba uani, kichwani sina ndoo. Ndoto yangu iliishia hapo.

Na bomba tulikuwa nalo! Mashine ya dizeli ilifungwa kando ya mto, tukachota kituoni kama watu wa mjini. Vita vya Kagera vilipokwisha nchi ilikuwa imekaukiwa. Dizeli hakuna, spea hakuna. Mashine ikalala. Kaka zangu wakavua nati wakatengenezea magari ya kuchezea, nasi wasichana tukarudi mtoni.

Kitu ambacho hakuna aliyetuahidi ni hiki cha mfukoni. Bibi yako alipofariki mwaka 1986, mjomba wako alikuwa Mwanza. Tulimpelekea telegramu ya maneno manne: "Mama mgonjwa sana njoo." Kila neno lililipiwa, na kila mtu alijua "mgonjwa sana" maana yake nini. Akafika siku ya nne, tumeshazika. Leo wewe ukikohoa tu huko Dar, mimi nimeshapata habari.

Na ile treni ya umeme uliyonipandisha nilipokuja kwako, nakiri ilinishinda. Saa mbili hazijaisha tumeshafika! Nilikuwa nimeshikilia kipochi kisidondoke, wala hakikutikisika.

Lakini njoo uani kwangu hapa Morogoro. Bomba ninalo, mara nyingi linatoa upepo. Kijana wa toroli ananiletea madumu, namlipa kwa simu, na ujumbe wa malipo humfikia hajamaliza kumimina dumu la pili. Pesa inapita hewani, maji yanasukumwa kwa mkono. Mwaka 1979 ungeniambia hivyo ningesema umegeuza, maana bomba tulikwisha kuliona kwa macho yetu. Pesa ya hewani hata mganga asingeitabiri.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, siyo haya. Tuliyoyaomba yanachechemea, tusiyoyaomba yamekuja mbio. Sikasiriki sana. Nakasirika kidogo, hasa alfajiri, nikifungua bomba na kusikia ule mluzi wake.

Umesema utakuja Jumamosi. Niletee madumu mawili ya lita 20, yenye mifuniko inayokaza. Haya yangu yamepasuka. Sijui kama kwenye treni hiyo wanaruhusu madumu, uliza kwanza kabla hujakata tiketi.

Mama yako