Mwanangu, anza na maharage

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema ukishatoa kodi ya chumba na nauli, pesa ya chakula inayobaki ni kidogo mno: asubuhi chai ya sukari na mkate, mchana unapitiliza, jioni tambi za pakiti. Kisha ukaniuliza, “Mama, kwa pesa hii mtu anaweza kweli kula vizuri, au nikubali tu kujaza tumbo mpaka mambo yatengemae?” Swali hilo limenikaa moyoni, nikaona nisikujibu kwa mstari mmoja wa simu.

Anaweza. Ila si kwa kuendelea kununua vilevile unavyonunua sasa huku ukivipunguza. Inabidi ugeuze mpangilio. Mtu akibanwa na pesa huanza na cha kujaza tumbo: mkate, mchele, tambi, sukari. Maharage, mayai na mboga vinawekwa kando kusubiri siku pesa itakapoongezeka, na siku hiyo haifiki. Wewe fanya kinyume. Pesa ikiingia tu, kabla hujagusa kingine, toa ya maharage, toa ya mayai, toa ya mboga na ya mafuta ya kupikia. Inayobaki ndiyo inunue mchele na viazi. Utaona inatosha, kwa sababu sahani yenye maharage ya kutosha haihitaji wali mwingi.

Nakusisitizia hili kwa sababu chakula cha bei ndogo si lazima kiwe chakula kisichogharimu. Mkate mweupe na chai yenye sukari nyingi huyeyushwa haraka tumboni. Saa nne njaa imerudi, nawe unanunua kitafunwa njiani. Hicho kitafunwa nacho ni gharama ya ile chai. Maharage yana protini pamoja na nyuzinyuzi, yanakaa tumboni, yanakufikisha kwenye mlo unaofuata bila kutoa pesa nyingine mfukoni. Basi unapopima bei ya chakula, jiulize kitakushibisha mpaka saa ngapi.

Nikufanyie hesabu ya protini, maana najua utaniuliza kuhusu nyama. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Ukiwa na kilo 60, ni kama gramu 50 kwa siku. Gramu 100 za maharage makavu, kabla ya kupikwa, zina gramu 20 na ushei. Mayai mawili yana kama 12. Gramu 200 za mchele mkavu zina kama 14. Ongeza vipande viwili vya mkate na umeshafika, siku nzima, bila kipande cha nyama. Tena maharage na nafaka vinasaidiana: nafaka zina upungufu wa laisini, mojawapo ya viini vinavyojenga protini, na maharage yanayo kwa wingi, maharage nayo yamepungukiwa na methionini, ambayo nafaka zinayo. Si lazima viwe sahani moja. Vikiliwa siku hiyohiyo vinatosha.

Hili si la kubuni jikoni tu. Mchumi wa Marekani, George Stigler, alichapisha mwaka 1945 hesabu ya chakula cha bei ya chini kabisa kinachoweza kumpa mwanamume mmoja virutubisho anavyohitaji kwa mwaka. Alichambua vyakula 77 kwa bei za mwaka 1939. Vilivyobaki mwishoni ni vitano: unga wa ngano, maziwa ya kopo, kabichi, spinachi na maharage makavu. Mwaka 1947 makarani tisa walirudia hesabu kwa njia mpya ya kihisabati, wakapata jumla iliyopishana na yake kwa senti 24 tu za dola kwa mwaka mzima. Stigler mwenyewe hakumshauri mtu aishi hivyo, nami sikushauri. Binadamu anahitaji pia ladha na mabadiliko. Lakini tazama umbo la orodha ile: nafaka, jamii ya maharage, majani ya kijani, na kitu kidogo kitokacho kwa mnyama. Bei zinabadilika kila mahali na kila mwaka, ila umbo hilo likikukaa kichwani huwezi kupotea sokoni.

Sasa maharage yenyewe, kwa kuwa najua hujawahi kuyapika mwenyewe na pengine unaogopa muda wake. Chagua jioni moja ya wiki. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mwaga maharage mezani uyachambue kwa mikono, utoe vijiwe na yaliyooza, uyaoshe, kisha uyaloweke kwenye maji mengi, maana yatavimba mpaka karibu mara mbili. Asubuhi yatakuwa yamejaa, ganda limenyooka. Yale maji yamwage, usiyapikie. Weka maji mapya, chemsha, na povu likipanda uliengue kwa kijiko. Yaache yachemke kwa nguvu kwa nusu saa ya kwanza, hasa yakiwa ya rangi nyekundu, halafu punguza moto na funika mpaka yaive. Hili la kuchemsha kwa nguvu usilifanyie mchezo. Maharage mabichi, mekundu hasa, yana sumu ya asili ambayo huuawa na mchemko kamili, na yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo, kama kwenye vile vyungu vya umeme vya kupika polepole, sumu inaweza kubaki. Punje chache tu zisizoiva zinaweza kukutapisha na kukuharisha usiku kucha.

Utajua yameiva ukibonyeza punje kati ya kidole gumba na kidole cha pili ikapondeka laini mpaka katikati, isibaki chembe ngumu. Nyanya usizitie kabla ya hapo. Uchachu wake unayazuia kulainika, utakaa jikoni ukichoma moto bure. Yakishaiva ndipo ukaange kitunguu, utie nyanya, karoti iliyokatwa vipande vidogo, chumvi kiasi, kisha uyamimine humo. Kilo moja ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo mbili za maharage yaliyoiva, kwa hiyo usipike ya mlo mmoja. Pika ya wiki, ugawe kwenye vibakuli vyenye vifuniko; viwili viingie kwenye friji, vingine kwenye friza kama unayo. Jioni ukirudi umechoka, chakula kipo, unakipasha tu. Nadhani hapa ndipo pesa nyingi inapookolewa, kuliko hata kwenye bei ya duka, kwani mtu mwenye njaa na uchovu asiye na kitu kilichopikwa atanunua chochote kilicho karibu kwa bei yoyote.

Usisahau kuwa moto nao ni pesa. Kuloweka kunapunguza muda wa kupika, kifuniko nacho kinasaidia, na ukiwa na sufuria ya presha ni bora zaidi. Ikiwa gesi au umeme unakusumbua, nunua adesi nyekundu zilizokobolewa badala ya maharage. Hazihitaji kulowekwa, zinaiva kwa dakika 20 hivi, na protini yake haipungui ya maharage. Bei ya kilo inaweza kuwa juu kidogo, lakini ukijumlisha na moto mara nyingi gharama zinalingana. Maharage ya kopo pia si mabaya siku ya dharura. Yasuuze kwa maji, chumvi nyingi itatoka.

Kwenye mboga, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, bila kuhesabu viazi. Inasikika nyingi, lakini robo ya kabichi ya wastani, karoti moja na chungwa moja vinakufikisha. Kabichi naipenda kwa mtu mwenye pesa kidogo kwa sababu haina haraka: nzima, kwenye friji, inakaa wiki kadhaa, nawe unakata kidogo kidogo. Majani laini yanayonyauka kesho nunua ya siku mbili tu. Nunua vilivyo kwenye msimu wake, wakati kila muuzaji anavyo na bei imeshuka. Mboga za kugandishwa usizidharau hata kidogo. Hugandishwa mapema baada ya kuvunwa, virutubisho vyake vingi vimo, na hutupi kitu. Pika mboga kwa maji machache na muda mfupi, kwani vitamini C huyeyuka kwenye maji na kuharibika kwa moto. Karoti na majani ya kijani vitie mafuta kidogo, la sivyo mwili hauichukui vizuri ile rangi inayogeuka vitamini A.

Na chai yako, ambayo sikwambii uiache, isogeze mbali na chakula. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na majani ni magumu kufyonzwa kuliko ya kwenye nyama, na chai au kahawa inayonywewa pamoja na chakula inazidi kuyazuia. Kaa walau saa moja baada ya kula ndipo unywe. Badala yake kamulia limau kwenye maharage au ule chungwa baada ya mlo. Vitamini C inausaidia mwili kuyachukua madini hayo. Ninakwambia hivi kwa kuwa unasema unachoka mchana. Uchovu una sababu nyingi na kutokula mchana ni mojawapo, lakini ukishaanza kula vizuri na bado unaona kizunguzungu au moyo kwenda mbio, nenda ukapimwe damu, usijitibu kwa vidonge vya kununua ovyo.

Mayai nayaweka palepale baada ya maharage. Hutapata kwa urahisi kitu kingine cha bei hiyo chenye protini nzuri, tena chenye vitamini B12, ambayo haipo kwenye maharage wala mboga yoyote. Dagaa wakavu au samaki wadogo wa kopo wanafanya kazi hiyohiyo, na wakiliwa pamoja na mifupa yao laini wanakupa kalsiamu. Dagaa au samaki hao mara mbili kwa wiki wanatosha. Mafuta ya kupikia usiyaogope. Gramu moja ina kalori 9 wakati gramu ya wanga au protini ina 4, na kwa mtu anayekula kidogo kijiko kimoja kikubwa kwenye sufuria ni nguvu ya bei nafuu.

Vya kupunguza sina orodha ndefu. Soda na juisi za pakiti, kwanza; ni sukari na maji uliyolipia kama chakula. Kile kipakiti cha viungo cha tambi, tumia nusu au uache, kwani kimejaa chumvi na kiwango kinachoshauriwa kwa siku nzima ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Tambi zenyewe zikikubana siku moja, zivunjie yai na kabichi iliyokatwa nyembamba, ziwe mlo.

Dukani soma bei ya kilo, si bei ya pakiti. Pakiti kubwa mara nyingi ni nafuu, si mara zote, na kwa vitu vinavyooza ni hasara ukitupa nusu. Tarehe ya “bora kabla ya” inahusu ubora, kwa hiyo mchele au maharage yaliyopita tarehe hiyo kidogo, makavu na yasiyo na wadudu, yanalika. Ile ya “tumia kabla ya” kwenye nyama, samaki au maziwa iheshimu.

Kiporo nacho kina masharti yake. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wali hasa: una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu vinazaliana na kutoa sumu ambayo kupasha upya hakuiondoi. Utandaze upoe haraka, uingie kwenye friji, uule kesho yake ukiwa umepashwa mpaka unatoa mvuke.

Yule mwenzako mnayeishi naye, mwambie mchange pesa ya maharage, mchele na mafuta. Sufuria moja kubwa inatumia moto mdogo kuliko sufuria mbili ndogo, na kupika kwa zamu kutakupa jioni za kupumzika.

La mwisho, nalo ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Hesabu hizi zote zinafanya kazi pale ambapo pesa ni kidogo. Ikiwa haipo kabisa, hakuna ustadi wa jikoni unaoweza kuziba pengo hilo, na si kosa lako. Usiruke milo ili usinisumbue. Kama huko uliko kuna mpango wa kugawa chakula kwa wenye kipato kidogo, chuoni, kwenye nyumba ya ibada au kwingineko, jiandikishe bila aibu. Umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Nami niandikie jumapili pesa uliyonayo kwa wiki na bei za kilo za maharage, adesi, mchele, mayai, kabichi na mafuta hapo unaponunua. Tutapanga pamoja, na palipopungua nitaona la kufanya.

Mama yako