Maswali na majibu: Kutuliza kinga si kuongeza kinga

Nina maltipo sklerosisi. Peptidi ipi (mnyororo mfupi wa asidi amino) itaniongezea kinga?

Hakuna, wala usiitafute. Swali hili linaletwa kila mara na jibu halibadiliki: kinga yako haijapungua, inashambulia utando wa neva zako. Kazi ya dawa ni kuituliza.

Kwa nini siklosporini, dawa ya kutuliza kinga, humezwa na peptidi nyingi hudungwa?

Vimeng'enya vya tumbo na utumbo hukatakata peptidi ya kawaida. Siklosporini ni duara la asidi amino 11, na 7 kati yake zimeongezewa methili (kikundi kidogo cha kaboni na hidrojeni), kwa hiyo vimeng'enya havipati pa kushika. Usinywe maji ya balungi ukiitumia: kiwango hupanda kwenye damu na figo huumia. Usibadilishe aina moja ya siklosporini kwa nyingine bila daktari, maana hazifyonzwi sawasawa.

Najidunga glatirama, dawa ya maltipo sklerosisi, miligramu 40 na paja limeanza kubonyea. Nifanyeje?

Acha kudunga hapo kabisa. Mafuta ya chini ya ngozi yameharibika, na shimo hilo huenda lisijae tena. Zungusha sehemu: tumbo, mapaja, nyonga, nyuma ya mkono sehemu ya juu, na uandike tarehe, ili sehemu moja isirudiwe ndani ya wiki. Dozi ni tatu kwa wiki, zikiachana saa 48 au zaidi. Toa sindano kwenye friji dakika 20 kabla. Usisugue ulipodunga kwa saa 24.

Hukuuliza, lakini ujue: uso kuwaka na moyo kwenda mbio mara baada ya sindano kwa kawaida hupita vyenyewe. Dalili zikizidi, ukavimba au pumzi ikabana, nenda hospitali saa hiyohiyo. Mzio wa kuua unaweza kutokea hata baada ya miaka ya kuitumia salama.

Si wangebadilisha asidi amino chache tu kwenye kipande cha protini ya mailini (ule utando wa neva), kinga idanganyike?

Walijaribu. Matokeo ya majaribio mawili yalichapishwa mwaka 2000. Katika moja, wagonjwa kadhaa waliopewa miligramu 50 walizidiwa. Jingine lilisimamishwa kwa sababu ya mzio. Peptidi ileile iliyokusudiwa kutuliza seli T, yaani seli za kinga, ilizichochea kwa baadhi yao. Ndiyo maana neno "tu" linanikera hapa.

Unga wa peptidi ulioandikwa "kwa utafiti pekee" unafaa kudungwa?

Haufai. Hakuna aliyeukagua kama una sumu za bakteria, au hata kama kilichomo ndicho kilichoandikwa.